Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu Kuhusu Ibada na Alama za Dini katika Shule za Umma

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Jamhuri ya Kenya.
Nakala kwa Tume ya Huduma za Walimu, Kamati ya Elimu ya Bunge la Kitaifa, na wenyeviti wa bodi za usimamizi wa shule za umma.

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka 28 nilifundisha Kiswahili na Elimu ya Dini ya Kikristo, somo ambalo shuleni hatuliiti kwa jina jingine ila CRE, katika shule za sekondari za umma za Pwani na za bara. Hadi leo ni mshiriki wa Kanisa Anglikana ambaye hakosi ibada ya Jumapili ila kwa ugonjwa. Nayataja haya mapema ili asije mtu akadhani kwamba anayeandika barua hii anaupiga vita msalaba. Ninaandika kwa sababu lipo kosa ambalo nililitenda mwenyewe nikiwa na chaki mkononi, nikaliona kuwa ni sehemu ya kazi yangu, na walimu wengi wangali wakilitenda leo kwa nia njema kama yangu.

Nilikuwa mwalimu wa darasa wa Kidato cha Pili katika shule ya kutwa iliyodhaminiwa na kanisa. Kila Ijumaa asubuhi tulikuwa na kipindi cha PPI, yaani kipindi cha mafundisho ya kichungaji, na shule nzima ilikusanyika ukumbini kuimba, kusali na kumsikiliza mchungaji. Darasani mwangu alikuwamo msichana Mwislamu, mtulivu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Alinijia wiki ya kwanza ya muhula akaniomba kwa adabu abaki darasani asome wakati wenzake wakiwa kwenye ibada. Nilimjibu kwamba mwanafunzi haachwi peke yake darasani bila mwalimu, na kwamba kama hataki kuingia ukumbini basi akakae nje mahali anapoonekana. Akaenda akaketi juu ya jiwe chini ya mwarobaini, kitabu mapajani. Ukumbi wetu ulikuwa na madirisha mapana upande ule, kwa hiyo wanafunzi mia nne waliimba huku wakimtazama. Ijumaa ya pili ikawa vivyo hivyo. Ijumaa ya tatu nilimkuta ndani pamoja na wenzake, nikafurahi moyoni nikidhani amezoea. Tulipofika katikati ya wimbo nilimwona akifumbua na kufumba mdomo kama wengine, wala sauti haikutoka.

Muhula ulipofungwa, baba yake alifika shuleni akiwa ameikunja ripoti ya mtoto katika mfuko wa kanzu. Aliifungua mezani pangu, akaweka kidole mahali palipoandikwa siku mbili za utoro. Agizo la naibu mwalimu mkuu lilikuwa kwamba asiyekuwamo ukumbini wakati wa PPI ahesabiwe kuwa hakuja shule, nami nililifuata bila kulifikiria. Mzee yule hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Mwalimu, mwanangu alitorokea wapi?" Sote wawili tulijua kwamba alikuwa chini ya mwarobaini, hatua thelathini kutoka mlangoni, na kwamba mimi ndiye niliyempeleka pale. Sikuwa na jibu. Nilizifuta zile alama kwa wino mwekundu, nikatia sahihi, naye akanishukuru, na shukrani zile ziliniuma kuliko kama angenikaripia.

Nimeanza na kisa hicho, Mheshimiwa, kwa sababu wengi wetu tukisikia kwamba mtoto amelazimishwa kuabudu huwa tunawaza kiboko. Hakuna aliyemchapa msichana yule, na hakuna aliyemtukana dini yake. Ratiba ndiyo iliyomlazimisha, pamoja na madirisha ya ukumbi, daftari la mahudhurio na macho ya wenzake. Ruhusa nilimpa, lakini ilikuwa ruhusa ya kutengwa, na mtoto wa miaka kumi na mitano akipewa achague kati ya kutengwa na kuigiza imani isiyo yake, aghalabu ataigiza.

Katiba yetu ya mwaka 2010 haikuliacha jambo hili gizani. Kifungu cha 8 kinatamka kwa maneno machache kabisa kwamba Kenya haina dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni, kisha kinaongeza mambo mawili ambayo ningetamani kila mwalimu mkuu ayasome kabla ya kuandika ratiba yake: kwamba mtu asinyimwe nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake, na kwamba asilazimishwe kutenda tendo lililo kinyume cha imani hiyo. Kifungu hakikusema kwamba haki hizo zinasubiri mtu atimize miaka 18. Na ukikisoma pamoja na Kifungu cha 53, kinachomhakikishia kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, utaona uzito wa jambo lenyewe. Serikali imemwamuru mzazi ampeleke mtoto shule, na mzazi asiyefanya hivyo anaweza kushtakiwa. Mtoto aliyefikishwa shuleni kwa amri ya sheria hawezi kuambiwa, akifika pale, kwamba kama hapendi ibada ya pale atafute shule nyingine.

Najua jibu ambalo wadhamini wetu hulitoa, kwa kuwa nimelisikia katika mikutano mingi ya bodi, na lina haki yake. Shule hizi, wanasema, tulizijenga sisi. Ni kweli. Maseno ya mwaka 1906, Mang'u ya mwaka 1925, Alliance ya mwaka 1926, zote zimetoka mikononi mwa wamisionari, na orodha ya shule ndogo zilizoanza chini ya mti karibu na kanisa haina mwisho. Mimi mwenyewe ni mtoto wa neema hiyo. Tangu wamisionari wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, walipofika Sagalla hapa Taita mwaka 1883, hakuna familia ya Kitaita inayoweza kusimulia habari za kusoma na kuandika bila kulitaja kanisa. Babu yangu alijifunza kusoma kwa sababu alibatizwa, na jina alilopewa na mama yake likabaki la nyumbani tu.

Lakini hilo la jina ndilo linalonifanya niikumbuke pia bei iliyolipwa. Huku Pwani, ambako mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kuanzisha kituo Rabai miaka miwili baadaye, shule na ubatizo viliingia kwa mlango mmoja. Wazazi Waislamu waliliona hilo wakawazuia watoto wao, wakihofu kwamba mtoto atakwenda akiwa Juma na kurudi akiwa James. Vizazi vyao vikachelewa kupata karani, muuguzi na mwalimu wa kwao, na manung'uniko ya kuachwa nyuma ambayo bado tunayasikia Pwani yana mizizi yake hapo kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana, nchi ilipopata uhuru, ilionekana kwamba shule zinazolipiwa na umma haziwezi kuendelea kuwa milango ya makanisa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliyapa makanisa nafasi ya udhamini, usimamizi ukabaki kwa Serikali. Sheria hiyo hiyo ilisema kwamba mzazi akiomba mtoto wake aondolewe katika ibada au mafundisho ya dini, mtoto huyo ataondolewa. Sentensi ya wazi namna hiyo ndiyo ninayoitafuta leo.

Tunayo sasa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, na sehemu yake ya 27 inaeleza kazi za mdhamini. Ana wawakilishi katika bodi. Anatoa ushauri na usimamizi katika makuzi ya kiroho, na anaweza kumteua kasisi wa shule kwa gharama yake mwenyewe. Anatakiwa kudumisha makuzi hayo ya kiroho huku akiilinda dini au dhehebu la wengine. Nimeisoma sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi. Nusu yake ya kwanza ina mwenyewe: ina kasisi, ina ratiba, ina viti vitatu katika bodi. Nusu ya pili, ile ya kuwalinda wengine, haina mwenyewe. Hakuna afisa wa elimu wa kaunti ndogo niliyewahi kumwona akija kukagua kama inatekelezwa. Wakaguzi waliniuliza kuhusu maazimio ya kazi, mipango ya somo, hata idadi ya vyoo. Katika miaka 28 hakuna aliyeniuliza watoto wasio wa dhehebu la mdhamini huwa wapi saa ya ibada.

Sasa nije kwenye kuta, maana hapo ndipo mjadala huwaka zaidi.

Katika shule nyingine niliyofundisha, juu ya ubao wa kila darasa palichorwa, kwa rangi ya mafuta ya buluu, herufi za ukubwa wa kiganja, maneno YESU NI BWANA WA SHULE HII. Ninayaamini maneno hayo kwa nafsi yangu, ila lile neno "shule". Rangi ilinunuliwa kwa fedha za ukarabati zilizotoka serikalini. Najua kwa sababu nilikuwamo katika kamati ya ununuzi na nilitia sahihi. Katika madarasa yale waliketi watoto wa Kiislamu, mtoto mmoja wa Kihindu ambaye baba yake alikuwa na duka la vipuri mjini, na watoto wa familia za Mijikenda ambazo bado zinashika mila za kaya. Kila mmoja wao, akiinua macho kunakili tarehe, aliambiwa kwanza na Serikali yake ni nani bwana wa mahali pale. Nasema Serikali kwa makusudi. Mwalimu analipwa na TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu, na kiwango rasmi cha fedha za Hazina kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Fedha hizo zinatokana na kodi ya mwenye duka Mhindu, ya mvuvi wa Lamu na ya mama muuza mboga wa Kanisa la Akorino kama zinavyotokana na yangu. Katika sensa ya mwaka 2019, Waislamu walikuwa milioni 5.2, na zaidi ya watu 750,000 walisema hawana dini yoyote. Hao wote hulipa kodi wanaponunua sukari.

Wapo wanaouliza: ikiwa msalaba ukutani unamkera mtoto Mwislamu, mbona hijabu kichwani mwa mwenzake isimkere Mkristo? Mbona tuziondoe alama za upande mmoja na kuziruhusu za mwingine? Swali hili ni la haki na linastahili jibu. Alama anayoivaa mtoto ni kauli yake, au ya wazazi wake. Rozari shingoni, kilemba cha Akorino, hijabu, uzi mtakatifu mkononi, vyote vinasema "mimi ni wa imani hii", na mwenzake akivitazama haombwi chochote. Alama inayotundikwa na shule ukutani ni kauli ya shule, na shule ya umma ni mkono wa dola. Inasema "sisi ni wa imani hii", na katika hilo "sisi" imemtia ndani, au imemtoa nje, mtoto ambaye hakuulizwa. Kwa hiyo naomba mambo mawili ambayo watu hudhani yanapingana: mtoto aachwe na alama yake, na ukuta wa darasa uachwe bila alama ya yeyote.

Mabishano haya hayako kwetu tu. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria ya jimbo la Kentucky iliyoagiza Amri Kumi zitundikwe katika kila darasa la shule ya umma. Mwaka 2024 jimbo la Louisiana likatunga sheria ya namna hiyo hiyo, na mashtaka yakaanza upya. Kwa upande mwingine, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua mwaka 2011 kwamba Italia inaweza kuuacha msalaba katika kuta za madarasa, kwa kuwa ni alama iliyokaa kimya. Wadhamini wetu wameupenda uamuzi huo wa Italia. Ninawaomba wausome wote. Majaji wale walizingatia kwamba msalaba huo haukuambatana na mafundisho ya lazima ya Ukristo, na kwamba wanafunzi wa Italia waliruhusiwa kuvaa hijabu. Msalaba wetu haukai kimya. Una kipindi chake katika ratiba, una daftari la mahudhurio, na kwa baadhi ya shule una orodha ya vifaa vya kujiunga ambamo Biblia na kitabu cha nyimbo vimeandikwa kati ya godoro na ndoo, bila kumuuliza mzazi kama mtoto wake anavitumia.

Mahakama zetu nazo zimejitahidi, lakini zimemwacha mwalimu mkuu njia panda. Kesi ya shule ya St. Paul's Kiwanjani ya Isiolo, iliyodhaminiwa na Kanisa la Methodisti, ilihusu wasichana Waislamu waliotaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Mahakama Kuu iliwakatalia mwaka 2015. Mahakama ya Rufaa ikawakubalia mwaka 2016. Mahakama ya Juu, Januari 2019, ikaubatilisha uamuzi wa Rufaa kwa sababu ombi la upande wa wanafunzi halikuwa limefikishwa mahakamani kwa utaratibu unaotakiwa, huku Jaji Ojwang akitofautiana na wenzake. Kiini cha haki yenyewe kikabaki hakijapata neno la mwisho. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliwakubalia Waadventista wa Sabato kwamba watoto wao wasilazimishwe masomo siku ya Jumamosi. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamuru msichana wa Kirastafari arudishwe darasani katika shule moja ya Nairobi na nywele zake za rasta. Mwalimu mkuu wa kijijini, ambaye hana wakili, afanye nini na hukumu hizi? Mara nyingi hufanya lile litakalompendeza mwenyekiti wa bodi, na simlaumu sana. Ninailaumu zaidi ofisi ambayo ingemwandikia waraka wa kurasa tatu na haijamwandikia.

Nisije nikaonekana ninawasema Wakristo peke yao. Niliwahi kupelekwa kufundisha katika shule ya umma mahali ambapo Waislamu ndio wengi. Wasichana wachache Wakristo, watoto wa polisi na wa wauguzi waliohamishiwa huko, waliambiwa siku ya kwanza kwamba hakuna msichana anayepita lango la shule bila kujifunika kichwa. Hakukuwa na kanuni yoyote ya maandishi. Ilikuwa "desturi ya hapa". Walimu wa CRE hatukutosha, na kwa mwaka mzima watoto wale walikaa katika kipindi cha IRE, Elimu ya Dini ya Kiislamu, wakinakili aya wasizozielewa, kwa kuwa ndicho kipindi kilichokuwapo. Mmoja wao aliniambia kwamba nyumbani huificha hijabu ndani ya mkoba kabla mama yake hajaiona. Nilimfikiria msichana wangu wa chini ya mwarobaini. Ilikuwa ni kisa kimoja, pande zimebadilishana. Aliye miongoni mwa wengi mahali fulani ni miongoni mwa wachache mahali pengine katika nchi hii hii, wakati mwingine kwa safari ya basi ya saa nne. Mkatoliki katika shule ya Waadventista, Mwadventista katika shule ya Wakatoliki anayeamshwa kwenda misa, wote wanangoja huruma ya mwalimu mkuu aliyepo, naye akihamishwa, huruma huhama naye.

Kuna jambo moja jipya ambalo sikulikuta nilipoanza kazi, na ambalo sasa limeenea kiasi kwamba halishangazi mtu: siku ya maombi ya watahiniwa. Kila Oktoba, kabla ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, shule humwalika mhubiri, wazazi huchangishwa, hema hukodiwa, na watahiniwa hupangwa mistari mbele kuombewa. Sipingi mzazi kumwombea mwanawe. Nimewaombea wangu kwa machozi. Lakini katika siku kama hiyo, mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, mhubiri aliwaagiza watahiniwa wote wainue kalamu na rula zao zipakwe mafuta. Alipita mstari kwa mstari. Kijana mmoja Mwislamu, ambaye nilikuwa mwalimu wake wa Kiswahili, aliishika kalamu yake mfukoni wala hakuitoa, na mhubiri akampita. Jioni alinifuata hadi kwenye geti akaniuliza, akiwa amekaza uso kabisa, kama kalamu isiyopakwa mafuta ingeruhusiwa kuingia katika chumba cha mtihani. Alikuwa amesimama katika uwanja wa shule ya Serikali, mbele ya mwalimu mkuu wake, msimamizi wa kituo cha mtihani wa KNEC, yaani Baraza la Mitihani, na alichokiona siku ile kilimfanya aamini kwamba lile pako la mafuta lilikuwa sehemu ya utaratibu wa mtihani. Angejuaje kwamba sivyo?

Nitaambiwa kwamba Katiba yenyewe inaanza kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, na kwamba wimbo wetu wa taifa unaanza kwa "Ee Mungu nguvu yetu". Ndiyo, na ninauimba wimbo huo nikiwa nimesimama wima. Lakini aliyeitunga dibaji ya Katiba alimtaja Mungu wa viumbe vyote, kisha akaandika kwamba tunajivunia tofauti zetu za makabila, tamaduni na dini. Wala hakumpa mwalimu mkuu mamlaka ya kuchagua njia ya kumwendea Mungu huyo kwa niaba ya watoto mia nne. Nitaambiwa pia kwamba bila ibada nidhamu itaharibika, na mabweni yatachomwa. Mabweni yamechomwa katika shule zenye makanisa ndani ya ua, na sisi tuliozima mioto hiyo usiku tunajua kwamba chanzo chake hutafutwa kwingine: kwenye chakula, msongamano, hofu ya mtihani na mwanafunzi asiyesikilizwa. Somo la dini libaki katika mtaala. CRE, IRE na HRE, ile ya Kihindu, ni masomo yenye mitihani, yanayofundishwa kwa mtoto ambaye yeye na mzazi wake wameyachagua, nami nililipenda somo langu. Kumfundisha mtoto habari za Ibrahimu ni kazi ya mwalimu. Kumpigisha magoti ni kazi ya mzazi wake na kanisa lake au msikiti wake.

Ombi langu kwako, Mheshimiwa Waziri, ni moja, nalo liko ndani ya uwezo uliopewa na Sheria ya Elimu ya Msingi wa kutunga kanuni. Itunge kanuni itakayoipa ile nusu ya pili ya sehemu ya 27 mwenyewe. Iseme kwamba hakuna mwanafunzi wa shule ya umma atakayehudhuria ibada, PPI ya dhehebu lisilo lake au siku ya maombi isipokuwa yeye na mzazi wake wametaka, na kwamba swali hilo liulizwe kwa fomu siku ya kujiunga na shule, kwa kila mtoto bila kujali dini yake, ili asiwepo anayejitokeza peke yake kuomba asamehewe. Iseme kwamba saa hiyo asiyeabudu awe na mahali pa kukaa penye paa, meza na mwalimu, na daftari limwonyeshe kuwa yupo shuleni. Maktaba inatosha. Pasipo na maktaba, darasa moja na mwalimu mmoja wa zamu vinatosha.

Iseme kwamba madarasa, mabwalo ya chakula na ofisi zilizojengwa au kukarabatiwa kwa fedha za umma hazitachorwa wala kutundikwa maandishi au alama za dini yoyote kwa jina la shule, na kwamba kanisa au msikiti uliojengwa na mdhamini ndani ya ua ubaki wake, na kila alama yake ndani. Majina ya watakatifu katika malango ya shule ni historia, na binafsi sioni haja ya kuyagusa. Iseme kwamba vazi au alama ya imani anayoivaa mtoto pamoja na sare haitamrudisha nyumbani, na kwamba hakuna atakayevalishwa asiyoiamini. Na wakaguzi wa ubora wapewe mstari mmoja katika fomu zao: watoto wasio wa dhehebu la mdhamini wako wapi saa ya ibada? Mstari huo mmoja ungenishtua miaka ile kuliko semina kumi.

Kabla ya kuitunga, waite wadhamini wote mezani, maaskofu, maimamu, Waadventista, Wahindu, Akorino na wazee wa kaya, na uwaite pia wanafunzi, kwa kuwa sheria imewapa nafasi ya mwakilishi katika bodi na kwa kawaida hatumsikilizi. Ninajua makasisi wengi watakaoliunga mkono jambo hili. Kasisi wa shule yetu ya mwisho aliniambia kwamba angependa ukumbi wenye watoto 80 waliokuja kwa miguu yao kuliko 400 waliohesabiwa mlangoni.

Wanafunzi wapya wa sekondari wataripoti tena mwezi wa Januari, wakiwa na masanduku, ndoo na zile orodha za vifaa. Naomba waraka uwe umefika shuleni kabla yao. Nikihitajika kueleza zaidi, mbele ya kamati yoyote, nitakuja kwa nauli yangu, na nitalibeba lile daftari la mahudhurio la Kidato cha Pili. Lilipotaka kutupwa, nililiomba, na bado ninalo.

Wako mwaminifu,

Mwalimu mstaafu wa CRE na Kiswahili,
Kaunti ya Taita Taveta.